KINGA BILA KINGA NI HATARI

Safari hii ukurasa wetu hauzungumzi juu ya mgodi wala kiwanda. Unazungumza juu ya kinga, ile ya magurudumu mawili ambayo wengine wanaiita velo au baisikeli. Hapa Lubumbashi karibu kila mmoja wetu anaijua tangu utoto. Baba alikupakia nyuma kukupeleka shuleni. Mjomba alileta makala kutoka pori la njia ya Kasenga, mifuko imesimama juu ya kinga yake kama nyumba. Siku hizi vijana wetu, na wazee wengine pia, wamenunua VTT, kinga ya mipira minene yenye meno, inayopita penye mawe na mchanga. Jumapili asubuhi utawaona wanatoka kwa makundi, wengine upande wa Kipushi, wengine upande wa Kafubu.

Ni mchezo mzuri. Unaimarisha moyo, unapunguza tumbo, unamtoa mtu katika mawazo ya kazi. Mimi pia nimo. Lakini leo lazima niwaeleze habari moja inayonihusu mimi mwenyewe, ingawa hainiletei sifa.

JUMAPILI ILE

Ulikuwa mwezi wa kumi, mwisho wa kiangazi. Ardhi kavu, vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Tulikuwa watu sita. Mmoja wetu alikuwa fundi wa atelie, mtu wa nguvu na wa kicheko. Jina lake tuliache, tumwite Fundi tu. Alikuwa amenunua VTT yake sokoni, imekwisha kutumika. Kichwani alivaa kaske yake ya kazi, bila mkanda wa kidevuni.

Tulipofika kwenye mteremko wa kwenda mtoni, Fundi alitangulia. Njia ilijaa changarawe ndogo zinazoteleza kama punje za mahindi sakafuni. Aliona kona imemjia haraka, akabana freni ya mbele kwa nguvu zote. Gurudumu likateleza, naye akaruka juu ya usukani. Kaske ilikwenda njia yake na kichwa kikaenda njia yake. Kichwa kilikutana na kichuguu, na ninyi mnajua vichuguu vya kwetu: ni vigumu kama ukuta.

Nilipomfikia alikuwa amekwisha kusimama, anacheka. Nilimwosha kiwiko kilichochunika. Nikamwuliza: "Ndugu, umeumia?" Akajibu: "Hapana, munganga, ni ngozi tu." Nikamwamini. Sikumwuliza kama alipoteza fahamu. Sikuwauliza wenzetu walioona. Baadaye walisema kwamba alilala pale chini kwa kitambo kidogo kama mtu aliyesinzia. Tulipanda kinga zetu tukarudi mjini, na Fundi alipiga hadithi njia nzima.

Usiku wa siku ile nilikuwa kwenye zamu katika dispanseri. Kama saa nne hivi mlango uligongwa. Alikuwa bibi wa Fundi, na kitenge amekifunga mbio mbio. "Munganga, baba watoto analala vibaya. Anakoroma kama mlevi, na leo hakunywa kitu. Ametapika mara mbili. Namwita, haitiki sawasawa." Tulikimbia naye. Nilimfungua Fundi macho, nikamulika tochi. Mboni ya jicho moja ilikuwa kubwa kuliko ya jicho la pili. Ndugu msomaji, pale nilijua kosa langu.

Ambulansi ilimpeleka lopitalo usiku ule ule. Waganga walimpasua, wakatoa damu iliyokuwa imekusanyika ndani ya fuvu. Fundi yu hai. Alikaa miezi kadhaa katika kazi nyepesi, sasa amerudi kwenye mashine zake. Anayestahili sifa ni mama yule, si mimi. Kama angesema "ni uchovu, acha alale mpaka asubuhi", tungekwenda matanga.

KWA NINI MTU ANACHEKA, KISHA ANAZIMIKA?

Kichwa kikipigwa, mshipa wa damu ulio kati ya mfupa na ubongo unaweza kupasuka. Damu inatoka kidogo kidogo. Fuvu ni mfupa, haliwezi kutanuka kama tumbo, kwa hiyo damu inabana ubongo. Katika saa za kwanza mtu anaweza kusema, kula, hata kuendesha kinga. Ubongo ukibanwa sana, analala usingizi usio wa kawaida, na bila msaada anakufa.

Kwa hiyo mtu aliyepigwa kichwa asiachwe peke yake kwa siku moja hadi mbili. Mwamsheni mara kwa mara usiku wa kwanza, mwulize jina lake na mahali alipo. Mpelekeni haraka kwa munganga mkiona hata moja kati ya dalili hizi:

– alipoteza fahamu, hata kwa kitambo kidogo, au hakumbuki namna alivyoanguka;
– kichwa kinazidi kuuma badala ya kupoa;
– anatapika tena na tena;
– ana usingizi mzito, ni vigumu kumwamsha;
– anasema maneno yasiyoeleweka, au anatembea kama mlevi;
– mboni za macho hazilingani;
– mkono au mguu wa upande mmoja umelegea, au anapata kifafa;
– damu au maji meupe yanatoka masikioni au puani.

Msimpe lutuku wala bia "ya kutuliza maumivu". Pombe inaficha dalili. Msimpe aspirini wala ibuprofeni, kwa sababu zinaweza kuongeza kutoka damu. Kama shingo inamuuma au miguu imekufa ganzi, msimvute wala kumpakia nyuma ya kinga. Mwacheni alale alipo, mshikilieni kichwa kisigeuke, mwiteni msaada.

KASKE YA MGODI SI KASKE YA KINGA

Wengi wetu tunafikiri kama Fundi: kaske ni kaske. Sivyo. Kaske ya mgodi imetengenezwa kwa ajili ya jiwe linaloanguka kutoka juu. Mtu wa kinga haangukiwi na kitu, yeye ndiye anayeanguka, tena kwa ubavu, kwa paji la uso au kwa kisogo. Na kaske isiyo na mkanda inaruka kabla kichwa hakijafika chini.

Kaske ya kinga ina ndani yake tabaka nene la povu gumu jepesi. Kazi ya povu hilo ni kupondeka badala ya fuvu lako. Kwa hiyo ikipigwa mara moja kwa nguvu, kazi yake imekwisha. Usiivae tena hata kama nje haina ufa. Ukinunua sokoni iliyotumika, ichunguze vizuri. Ivae ikae sawa, upana wa vidole viwili juu ya nyusi, si nyuma kama kofia ya sherehe. Mikanda ikutane chini ya sikio, na chini ya kidevu ibaki nafasi ya kidole kimoja au viwili tu.

Usiseme kwamba mwenye ujuzi hahitaji. Mwezi wa tatu mwaka 2003, katika mashindano ya Paris–Nice huko Ufaransa, mkimbiaji Andrey Kivilev wa Kazakhstan alianguka bila kaske. Alikufa kwa majeraha ya kichwa. Mwaka ule ule chama cha kinga cha ulimwengu, UCI, kilitoa amri ya kuvaa kaske katika mashindano ya barabarani. Kama bingwa anaihitaji, wewe na mimi je?

FRENI INA JOTO LAKE

Hapa kuna hadithi ya kufurahisha. Tarehe 21 mwezi wa 10 mwaka 1976, karibu na mji wa Fairfax, California, vijana wa Marekani walianza mashindano ya kuteremka mlima. Kinga zao zilikuwa za zamani na nzito, na freni ilikuwa ile ya kukanyaga pedali kinyumenyume. Walipofika chini, grisi iliyo katikati ya gurudumu la nyuma ilikuwa imeungua na kutoka moshi. Ilibidi wafungue na kutia grisi mpya. Ndiyo maana wakaiita njia ile Repack, yaani kutia upya. Kutokana na michezo ile zilizaliwa kinga za milima. Mwaka 1977 Joe Breeze alitengeneza moja kwa kazi hiyo hasa, na mwaka 1996 mchezo huu uliingia katika Olimpiki ya Atlanta.

Fundisho kwetu ni hili: freni inageuza mwendo kuwa joto. Ukiibana bila kuiachia tangu juu hadi chini, itachoka. Freni za mpira zinachemsha rimu mpaka mpira wa ndani unaweza kupasuka. Mwenye mzigo wa makala au gunia la unga yuko katika hatari zaidi, kwa sababu uzito unamsukuma. Yeye ashuke, aisukume kinga kwa mguu. Si aibu.

Kabla ya safari fanya kama unavyofanya mbele ya mashine yako kazini. Bana freni ya mbele na ya nyuma, moja moja, na usukume kinga: je, gurudumu linasimama? Tazama kamba ya freni kama nyuzi zimekatika. Kaza magurudumu. Inua kinga, iangushe kidogo: kinacholia kimelegea. Pompa mipira kufuatana na namba iliyoandikwa ubavuni. Kwenye mawe na mchanga usiijaze mno, itaruka-ruka. Lakini ikiwa laini mno, rimu itabana mpira wa ndani na kuutoboa. Halafu kiti: weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Kiti kikiwa chini mno, magoti yatakuletea mashtaka jioni.

NAMNA YA KUTEREMKA

Punguza mwendo KABLA ya kona, si ndani ya kona. Tumia freni zote mbili. Ya mbele ndiyo yenye nguvu, kwa hiyo ibane polepole kwa kidole kimoja au viwili, na juu ya changarawe usiifunge kamwe. Simama juu ya pedali, zote mbili ziwe usawa mmoja, magoti na viwiko vikunjwe kidogo. Rudisha makalio nyuma ya kiti. Macho yatazame mbele, pale unapotaka kwenda, kwa sababu kinga inafuata macho. Ukikodolea jiwe, utalipiga. Na kama hujaijua njia, shuka utembee kwanza, uione.

Jihadharini na majani marefu karibu na mahali watu wanapochimba: mashimo ya wachimbaji hayana alama. Na msicheze juu ya milima ya takataka za viwanda. Inaporomoka, na vumbi lake si la kuvuta.

Barabarani tuna kamioni. Kwenye njia ya Kasumbalesa na ya Likasi zinapita mchana na usiku. Dereva aliye juu hakuoni ukiwa karibu na gurudumu lake. Usishike nyuma ya kamioni ili ikuvute mlimani, na usiipite kwa upande wa ndani inapotaka kukata kona. Usiku weka taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma, na uvae ile gileti ya kazi inayong'aa. Ukitoka zamu ya usiku na macho yanafumba, sukuma kinga kwa mguu, au pumzika kwanza. Usingizi nao ni mlevi.

JERAHA DOGO

Oshea jeraha kwa maji safi mengi na sabuni mpaka mchanga utoke wote. Usitie petroli, majivu, wala mafuta ya gari. Ardhi ina kijidudu cha tetanosi, ugonjwa unaokaza taya na mwili mzima. Unaweza kutokea siku tatu hadi wiki tatu baada ya jeraha, hata kama limepona juu. Njoo dispanseri, tutazame kitabu chako cha chanjo.

TUNAVYOFANYA SASA

Katika kundi letu tumeweka sheria. Aliyepigwa kichwa harudi kwa kupanda kinga. Mmoja wetu anabaki naye, mwingine anatafuta gari, na nyumbani tunamwambia bibi yake kweli yote, hata kama bwana anatukonyeza tunyamaze. Mimi siulizi tena "umeumia?" tu. Nauliza: "Unakumbuka namna ulivyoanguka?" Kisha nawauliza walioona.

Fundi amerudi njiani nasi, baada ya waganga kumruhusu. Ana kaske ya kinga, nyekundu. Jumapili asubuhi bibi yake anasimama mlangoni, anatia kidole chini ya mkanda wa kidevu, anapima. Ukilegea, Fundi haondoki. Sisi wengine tunangoja barabarani, tunacheka, na kila mmoja anajishika kidevu chake.

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko dawa. Basi, ndugu, kinga unayo. Vaa na kinga yake.