Vijana wa Kujitolea Wanaweza Kusaidia Shule Zetu



Kibati, chini ya mlima Nyiragongo, imepokea watu waliokimbia vita mara nyingi. Mwaka 2008 kambi zilijaa hapa. Mwaka 2012, na tena kuanzia 2022, familia zilishuka kutoka Rutshuru hadi Kanyaruchinya. Mwaka 2025, baada ya M23 kuiteka Goma, kambi zilizozunguka mji zilivunjwa na watu wakatakiwa kurudi makwao.

Katika kila safari mtoto hupoteza masomo. Anarudi darasani akiwa mkubwa kuliko wenzake, naye hajui kusoma. Tangu mwaka 2019 shule za msingi za Serikali zilipotangazwa kuwa za bure, madarasa yamejaa, na mwalimu mmoja hawezi kumfikia kila mtoto. Papo hapo mtaani wako vijana wenye diploma, lakini hawana kazi. Mtoto asiyesoma na kijana asiye na kazi, wote wawili huvutwa kwa urahisi na makundi yenye silaha. Tunaamini wanaweza kusaidiana.

Kenya ilifanya nini?

Baada ya ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008, Kenya ilitafuta njia za kuwaunganisha wananchi. Mwaka 2014 Serikali ilianzisha mpango wa kujitolea uitwao G-United. Vijana waliomaliza chuo kikuu walipelekwa katika kaunti zisizo zao, wakaishi na jamii iliyowapokea na kusaidia shule za msingi. Kazi yao kubwa ilikuwa kuwafundisha kusoma watoto wa madarasa ya chini waliobaki nyuma, baada ya saa za masomo. Walipewa posho ndogo ya kujikimu.

Kwa hiyo faida ilikuwa mbili. Mtoto alipata msaada, na kijana alijifunza kuishi na watu wa kabila lingine.

Tanzania inatufundisha nini?

Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto aingie shule. Walimu hawakutosha, hivyo vijana waliomaliza darasa la saba walifundisha huku wakisomea ualimu vijijini. Watoto wengi walipata nafasi, lakini ubora wa masomo ulilalamikiwa. Somo ni wazi: nia njema haitoshi, kijana anahitaji mwalimu mzoefu wa kumwongoza.

Hapa kwetu tuanzie wapi?

Huduma ya Taifa ya Kongo, iliyoundwa mwaka 1997, inajulikana zaidi kwa mashamba ya Kaniama-Kasese kuliko kwa madarasa. Lakini kamati ya wazazi inaweza kuanza kidogo, bila kungoja. Tunashauri haya:

1. Kijana amsaidie mwalimu, asichukue nafasi yake. Mwalimu ndiye anayejua ni watoto gani wamebaki nyuma.

2. Wapangeni watoto kwa kiwango cha kusoma, si kwa umri. Anayejua herufi tu akae na wenzake wa herufi. Anayesoma maneno akae na wa maneno. Saa moja kwa siku yatosha kuanza.

3. Chagueni vijana wa kike na wa kiume kutoka jamii mbalimbali, wenyeji na waliohamishwa. Watoto wakiona Mhunde, Mnande na Mhutu wakifundisha pamoja, wamejifunza jambo ambalo halimo kitabuni.

4. Shule isiwe na upande. Katika nchi nyingi huduma ya taifa huenda pamoja na mafunzo ya kijeshi. Kwetu hilo ni hatari. Kijana asivae sare ya aina hiyo, na masomo yafanyike mahali pa wazi ambapo wazazi wanaona.

5. Kubalianeni mapema juu ya muda na posho, hata kama ni chakula. Kijana mwenye njaa ataondoka, na mtoto ataachwa mara ya pili.

Viongozi, mkutano ujao wa wazazi uulize maswali mawili: ni watoto wangapi hapa hawajui kusoma, na ni vijana gani wako tayari? Andikeni majina. Kazi inaanzia hapo.