Muuzaji Halali Mbele ya Kichujio

Barua taka, yaani ujumbe wa barua pepe unaotumwa kwa watu wengi kwa mkupuo bila wao kuuomba, hujadiliwa zaidi kwa usumbufu inaomletea mpokeaji, ilhali liko kundi jingine linaloumia kimyakimya, nalo ni la wafanyabiashara wanaowaandikia wateja waliojiandikisha kwa hiari yao. Mwenye duka la vitabu anayetangaza toleo jipya hupita njia ileile anayopita tapeli, na mara nyingi hutumia maneno yaleyale, kama vile "ofa", "bure" na "punguzo". Na kichujio, ambacho ni programu inayokagua kila ujumbe kabla haujaingia kwenye kikasha cha mpokeaji, hakiwezi kuiona nia ya mtumaji ila huikisia kutokana na dalili.

Chanzo cha mgogoro huu ni bei. Mwaka 1978, Gary Thuerk, aliyekuwa akishughulikia masoko katika kampuni ya kompyuta ya DEC, alituma tangazo moja kwa watu wapatao 400 waliokuwa wakitumia ARPANET, mtandao wa Marekani uliotangulia intaneti, akaambulia lawama nyingi. Kishawishi cha kutuma hivyo ni unafuu: katika posta kila bahasha hudai stempu yake, lakini katika barua pepe ujumbe wa milioni hauongezi gharama ya maana juu ya ule wa kwanza, hivyo anayetuma ujumbe milioni moja na kupata wanunuzi 10 tu huenda bado akapata faida, huku mzigo wa kuhifadhi, kukagua na kufuta ukimwangukia mpokeaji na kampuni inayomtunzia barua zake.

Vichujio vya mwanzo vilitegemea orodha za maneno yaliyopigwa marufuku, na tapeli alivikwepa kwa kubadilisha herufi moja. Mwaka 2002 mtaalamu wa programu Paul Graham aliieneza njia inayotumia kanuni ya uwezekano ya Bayes, ambayo kwayo neno moja halitoshi kutoa hukumu, bali maneno mengi hupimwa pamoja kwa kulinganishwa na barua ambazo mwenye kikasha amekwisha kuzikubali au kuzikataa. Makosa yalipungua, ila hayakwisha, na kosa linalomuumiza muuzaji halali ni lile la kumtia hatiani asiye na hatia. Ubaya wake ni kwamba halina kelele: seva ya mpokeaji hujibu kwamba ujumbe umepokelewa, kisha huutupa katika folda ya taka, na mtumaji huendelea kuamini kwamba wateja wamesoma na kupuuza.

Jinsi ilivyo vigumu kulipwa kwa hasara ya namna hii huonekana katika kesi ya e360 Insight, kampuni ya matangazo ya barua pepe ya jimbo la Illinois, dhidi ya Spamhaus, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1998 na ambayo wakati wa kesi ilikuwa na makao yake Uingereza. Spamhaus huchapisha orodha ya zuio, yaani orodha ya anwani za mtandao inazozihesabu kuwa vyanzo vya barua taka, na watoa huduma huamua wenyewe kama watazikataa barua zitokazo huko. e360 ilidai kuwa wapokeaji wake walikuwa wameridhia. Spamhaus, ikishikilia kwamba mahakama ya Marekani haina mamlaka juu yake, iliacha kujitetea, na mwaka 2006 ikaamriwa kulipa zaidi ya dola milioni 11. Mahakama ya rufaa ilitengua kiasi hicho, kesi ikarudi ili hasara ipimwe upya, fidia ikawa dola 27,002 mwaka 2010, na mwaka 2011 ikashushwa hadi dola 3, kwa sababu e360 ilishindwa kuithibitisha hasara yake kwa ushahidi wa kuaminika. Dola hizo 3 hazifikii hata ada ya kufungulia jalada.

Kwa mfanyabiashara mdogo, hatari iko pia kwa majirani. Kampuni zinazotoa huduma ya kutuma barua kwa wingi huwapanga wateja wengi nyuma ya anwani moja ya mtandao, hivyo mmoja akinunua orodha ya majina mitaani na kuitumia bila ridhaa, sifa ya anwani huchafuka kwa wote. Orodha za kununua, aghalabu, huwa na mitego, yaani anwani zisizo na mtu, zilizowekwa makusudi ili kumnasa asiyeomba ruhusa.

Tangu Februari 2024, Google na Yahoo zimewalazimisha watumaji wakubwa wajithibitishe. Kwa Gmail, anayetuma ujumbe 5,000 au zaidi kwa siku hutakiwa kutumia SPF, inayotaja seva zilizoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa chake; DKIM, sahihi ya kidijitali inayoonyesha kwamba ujumbe haukubadilishwa njiani; na DMARC, inayoieleza seva ya mpokeaji la kufanya pale uthibitisho unaposhindikana. Aidha, lazima aweke njia ya kujiondoa kwa mbonyezo mmoja, na malalamiko yasifike asilimia 0.3, yaani watu 3 kati ya 1,000. Masharti haya ni mazito, lakini yana heri kuliko ukimya wa zamani, kwa kuwa angalau yameandikwa na kila mtu anaweza kuyasoma.

Wauzaji wenyewe hawakosi lawama, kwani kwa miaka mingi walikificha kiungo cha kujiondoa chini kabisa ya ujumbe kwa herufi za kutafutwa kwa miwani, mpaka watu wakazoea kubonyeza "taka" kwa kuwa ndiyo njia fupi. Mbonyezo huo haumalizi jambo kati ya watu wawili tu, kwa sababu kichujio huuhesabu kuwa ushahidi dhidi ya mtumaji na huweza kuwazuilia barua hata wale wanaozisubiri. Basi msomaji aliyejiandikisha mwenyewe kisha akachoka na matangazo ya duka fulani, na abonyeze "jiondoe", kitufe cha taka awaachie waliomwandikia bila kumuuliza.