Ziwa Moja, Mipaka Miwili

Sogeeni, wajukuu. Leo nawapa habari ya ugomvi ambao wenyewe si watoto. Ni nchi.

Ukiingia ziwani kuoga hapa Matema, uko nchi gani? Tanzania, mtasema, maana sisi twasema mpaka unapita katikati ya ziwa. Jirani zetu wa Malawi wanakataa. Wanashikilia mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890, na kwa hesabu yao maji yote hadi ukingoni huku ni yao. Basi ukitia mguu tu, umeshavuka mpaka! Wazee wetu wa pande zote mbili za mto Songwe, ulio mpakani, hakuna aliyewauliza.

Malawi iliporuhusu watu watafute mafuta ziwani, maneno yakawa makali. Mwaka 2012 viongozi wa nchi hizi mbili wakazungumza wao kwa wao, wakakwama. Ndipo wakakubaliana kuwaendea marais wastaafu wa Afrika, wakiongozwa na Joaquim Chissano wa Msumbiji.

Mtu wa kati kama huyo ndiye msuluhishi. Msimchanganye na hakimu. Hakimu hutamka nani kashinda, na aliyeshindwa hana budi kutii. Msuluhishi hana fimbo wala askari. Tuseme kaka zako wawili wanagombania mtumbwi. Bibi anamsikiliza mmoja mpaka amalize, mwingine kafunga mdomo (hapo ndipo penye kazi!), kisha wanabadilishana zamu. Halafu anauliza: wautakia nini? Kumbe mmoja anautaka alfajiri akatoe nyavu, mwenzake jioni avushe magunia ya mpunga. Bibi hakuamua lolote, wameamua wenyewe.

Chissano kazi hiyo aliijua kwa kukaa upande wa pili. Nchi yake ilipigana vita vya ndani miaka kama 16, mpaka yeye na kiongozi wa waasi wa Renamo walipotia saini amani mjini Roma, tarehe 4 Oktoba 1992. Waliowapatanisha walivumilia mazungumzo zaidi ya miaka miwili.

Na mpaka wetu? Bado. Ramani zetu zauchora katikati ya ziwa, za Malawi ukingoni, na msuluhishi hawezi kumshika mtu mkono atie saini. Lakini nchi hizi hazikuingia vitani, na pale mpakani Kasumulu watu wanavuka kwenda na kurudi, wakiuziana mchele na samaki.