Kusimama Mbele ya Mkutano Bila Kutetemeka



Kamati ya wakimbizi wa ndani inapoitwa kwenye mkutano na serikali na mashirika ya misaada, kwa kawaida hupewa dakika kumi, pengine tano. Katika dakika hizo msemaji wenu anabeba maji, chakula, shule na usalama wa mamia ya jamaa. Akisahau, akitetemeka, au maelezo yake yakigeuka kilio kitupu, wakubwa watamhurumia, watampigia makofi, kisha watapita kwenye jambo linalofuata. Tumeliona hilo mara nyingi. Ndiyo sababu tunawaandikia ninyi mlioko Kabondo-Dianda na vijiji vilivyo kandokando ya reli, wageni na wenyeji, juu ya namna ya kumtayarisha mtu wa kusema.

Kwanza, woga mwingi unatokana na fikra kwamba tumekwenda kuomba. Si hivyo. Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa kuhusu Wakimbizi wa Ndani za mwaka 1998 zinasema katika kanuni ya 18 kwamba kila mkimbizi wa ndani ana haki ya chakula, maji safi, makazi, mavazi na matibabu ya lazima, na kwamba wanawake washirikishwe kikamilifu katika kupanga na kugawa vitu hivyo. Kanuni ya 28 inataka wakimbizi wenyewe washiriki kupanga kurudi kwao. Mkataba wa Kampala, uliopitishwa na nchi za Afrika tarehe 23 Oktoba 2009, nao unazungumzia kushauriana na wakimbizi kabla ya kuamua mambo yao. Basi msemaji wenu hajaingia mkutanoni kwa kuonewa huruma. Kiti chake kiko pale kwa haki. Mwambieni hivyo kabla hajaondoka nyumbani.

Na kuna jambo ambalo watu wa hapa wanaweza kujivunia. Katika nchi ya Baluba palikuwa na shule ya kusema mbele ya watu zamani sana, kabla ya mashine za kuonyesha picha ukutani. Watu wa chama cha Mbudye walikuwa na ubao mdogo unaoitwa lukasa, uliopambwa kwa shanga, kauri na alama za kuchonga. Msimulizi aliushika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha mkono wa kulia juu ya shanga, huku akieleza habari za wafalme, safari zao na mahali patakatifu. Ubao haukuandikwa neno hata moja. Ulimkumbusha mpangilio tu, na maneno aliyachagua mwenyewe kwa kuwatazama waliomsikiliza. Mbao nyingi za namna hiyo sasa ziko katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, na wataalamu wanaandika vitabu juu yake.

Hatusemi mkachonge lukasa. Ile ilikuwa na wenyewe na miiko yake. Lakini akili iliyomo ndani yake inatufaa. Mtu anayesoma karatasi neno kwa neno hawatazami watu. Mkono ukitetemeka na karatasi inatetemeka, na akipoteza mstari amepotea kabisa. Mpeni kipande cha karatasi ngumu chenye alama nne au tano tu: tone la maji, kitabu, msalaba wa dispansari, nyumba. Au punje za mahindi mfukoni, kila punje ni jambo moja. Akimaliza la kwanza, anashika la pili. Kwa njia hii mama ambaye hakukanyaga shule anaweza kuwa msemaji bora kuliko kijana mwenye diploma, kwa sababu yeye ndiye anayeamka usiku kwenda kupanga mstari pale pampuni. Kamati nyingi humchagua anayejua Kifaransa. Sisi tungemchagua anayelijua jambo lenyewe.

Lugha si kizuizi kikubwa kama mnavyodhani. Katiba ya Februari 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, kwa hiyo hakuna aibu kukisema mbele ya mkubwa yeyote. Mnayemwona ni bora aseme Kiluba, na aseme, mradi mkalimani awepo. Ila msemaji na mkalimani wakae pamoja siku moja kabla. Sentensi ziwe fupi, na baada ya kila sentensi mbili asimame. Mkalimani anayesikia habari kwa mara ya kwanza mkutanoni ataipunguza, hata akiwa mtu mwema.

Sasa habari zenyewe. Tuchukue maji, maana sehemu zilizo karibu na ziwa Upemba na mto Lualaba zinajulikana kwa kipindupindu. Ukisema "tunateseka sana kwa maji," hakuna atakayebisha na hakuna atakayeandika kitu. Lakini tuseme mmepita nyumba kwa nyumba, mkahesabu watu 2,100, wageni na wenyeji pamoja, wote kwenye pampu moja ya mkono. Mwongozo wa Sphere, ambao mashirika mengi ya misaada duniani yanaufuata, unasema pampu moja ya namna hiyo isihudumie zaidi ya watu 500. Unasema pia kila mtu apate angalau lita 15 kwa siku, asisubiri zaidi ya dakika 30, na maji yasiwe mbali na nyumba zaidi ya mita 500. Hapo msemaji anasema: "Pampu yetu moja inafanya kazi ya pampu nne na zaidi. Tumehesabu wenyewe, daftari hili hapa." Huyo ataulizwa maswali, na kuulizwa maswali ni dalili njema. Mwombeni pia mwuguzi mkuu wa kituo cha afya awaambie wagonjwa wa kuhara walikuwa wangapi mwezi uliopita.

Msiongeze hesabu. Wako wanaodhani wakisema 3,000 watapewa za 2,000. Siku shirika litakapokuja kuhesabu, uongo huo utawaharibia hata yale ya kweli.

Mtaona tumesema wageni na wenyeji pamoja. Ni kwa makusudi. Kati ya mwaka 2004 na 2006, vita vya Mai-Mai na jeshi la serikali katikati ya Katanga vilifukuza watu wengi makwao, na wengine walijificha hata kwenye visiwa vya ziwa Upemba. Walioishi kwa mwenyeji nyakati zile wanajua jinsi chungu kimoja kinavyopungua. Msemaji akisimama na kusema "wenyeji wanatunyima maji," jioni ile ile pampuni patakuwa na ugomvi. Akisema "sisi na waliotupokea tuna pampu moja," chefu wa kijiji atamuunga mkono papo hapo. Ni vizuri zaidi chefu huyo asikie maelezo kabla ya mkutano.

Tena, tazameni ni nani aliye chumbani. Wanajeshi, polisi na watu wa usalama wanaweza kuwepo. Asitaje jina la mama aliyebakwa, wala la kijana aliyetoroka kundi la silaha, wala la mtu anayeshukiwa. Mambo hayo yana mahali pake, faraghani, kwa daktari au kwa watu wa haki za binadamu ambao mwenye jambo mwenyewe amekubali kuwaona.

Kumwambia mtu "usiogope" hakumsaidii kitu. Kinachosaidia ni kusema kwa sauti, akiwa amesimama, mara tatu. Mara ya kwanza mbele ya kamati, na simu ikipima dakika. Mara ya pili mbele ya akina mama, ambao watamsahihisha bila kumficha. Mara ya tatu mbele ya mzee mbishi aliyepewa kazi ya kumkatiza na kumwuliza maswali magumu: "Kwa nini hamrudi kwenu?" "Sabuni tuliyogawa iko wapi?" Sentensi ya kwanza aikariri kabisa, maana hapo ndipo koo hukauka. Siku yenyewe afike mapema na asimame kidogo pale atakaposemea. Akiulizwa asilolijua, ajibu: "Hilo hatujalihesabu, tutawaletea jibu."

Atakapokuwa anasema, mwenzake mmoja aandike kwenye daftari: nani ameahidi nini, na kwa tarehe ipi. Mkutano ukiisha, wamsomee aliyeahidi maneno yake mwenyewe kabla hajapanda pikipiki au gari. Jioni hiyo hiyo wasomewe watu wote pale pampuni, hata kama jibu lilikuwa hapana.