Elimu ya Ardhi na Maji ya Visima

Mtu atokaye mjini kwenda Uroa, upande wa mashariki wa Unguja, huona nchi ikibadilika njiani. Magharibi pana udongo wa kina, wa kinongo na kichanga, wenye minazi na mikarafuu. Akikaribia pwani ya mashariki hukuta uwanda, yaani mawe yaliyotobokatoboka, yenye udongo haba ndani ya mashimo yake. Sababu yake hufafanuliwa na elimu ya ardhi, iitwayo jiolojia, nayo ina matawi mengi.

Tawi la kwanza huchungua mawe yenyewe. Jiwe la uwanda lilijengwa na matumbawe na viumbe wengine wa baharini. Ndiyo maana likichomwa tanuuni hupatikana chokaa. Tawi la pili husoma matabaka, kwa kuwa lililo chini kwa kawaida ni la kale kuliko lililo juu. Bwana G. M. Stockley aliandika taarifa juu ya ardhi ya Unguja na Pemba, ikachapishwa mwaka 1928. Tawi la tatu huchungua mabaki ya viumbe wa kale. Katika pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, imeonekana mifupa ya punda milia, mnyama asiyeishi tena mwituni Unguja. Yapata miaka 20,000 iliyopita bahari ilikuwa chini sana, na kisiwa hiki kilikuwa kimeungana na bara.

Tawi la nne, elimu ya maji ya ardhini, latuhusu zaidi. Mvua hupenya upesi katika uwanda, na maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni mepesi. Kwa kadiri, penye futi 1 ya maji matamu juu ya usawa wa bahari, huwapo futi 40 chini yake. Basi maji yakitekwa kwa pampu hata yakashuka futi 1, maji ya chumvi yaweza kupanda, kidogo kidogo, futi 40.

Tena matundu yapitishayo mvua hupitisha uchafu wa choo bila ya kuuchuja vema. Kwa hiyo masheha na walimu wawahimize watu: vyoo vichimbwe mbali na visima, maji yatekwe kwa kiasi, na kisima kilichoanza kuwa na chumvi kipumzishwe. Kukiharibu ni kazi ya siku chache. Kukiponya hungoja masika mengi.