Swali la Draupadi: Mwanamke katika riwaya za India, kutoka utendi hadi upelelezi

Katika Mahabharata, utendi wa Kisanskriti wenye beti zinazokadiriwa kufikia 100,000, limo swali moja la kisheria ambalo baraza zima la wazee lilishindwa kulijibu, na ambalo waandishi wa India wa zama hizi, hasa wanawake, hawajachoka kulirudia. Mfalme Yudhishthira, aliyealikwa na binamu zake kucheza kamari ya dadu, alipoteza hazina yake, kisha ufalme, kisha ndugu zake, kisha nafsi yake mwenyewe, na alipokuwa hana kitu tena akamweka dau mkewe Draupadi, naye pia akamkosa. Mjumbe alipokuja kumwita, Draupadi alimrudisha na swali: je, mume aliyekwisha kujipoteza mwenyewe na kuwa mtumwa wa watu alikuwa bado na mamlaka gani ya kumweka mtu mwingine dau? Alipoburutwa kwa nywele hadi barazani aliuliza tena, na Bhishma, mzee aliyeheshimiwa kuliko wote waliokuwapo, alijibu tu kwamba mambo ya dharma, yaani wajibu na uadilifu unaomfunga kila mtu kwa nafasi yake, yamefichika mno. Swali likabaki hapo.

Riwaya za India zinazomweka mwanamke katikati hupangwa na wauza vitabu katika rafu mbalimbali: huku zile zinazosimulia upya visasili, yaani hadithi za kale za miungu, mashujaa na asili ya mambo, kule za kipelelezi na za taharuki, ambazo humshika msomaji kwa fumbo la uhalifu na hofu ya litakalofuata. Mgawanyo huo unaifaa biashara, lakini unaficha udugu wa vitabu hivyo. Mpelelezi naye huingia katika nyumba ambamo jambo limetendeka, huwakuta wakubwa wamenyamaza, na kazi yake ni kuuliza nani alitenda, kwa mamlaka gani, na nani aliyebebeshwa hasara. Hilo ndilo swali la Draupadi, na ndiyo sababu waandishi wa kizazi hiki wameweza kuvuka kutoka baraza la wafalme hadi chumba cha mauaji bila kubadili hoja.

Kusimulia upya si uzushi wa leo. Ramayana, utendi wa pili mkubwa wa India, wenye beti zipatazo 24,000 katika toleo linalonasibishwa na mshairi Valmiki, haujawahi kuwa na umbo moja tu. Kisa cha Rama anayehamishiwa msituni kwa miaka 14, na cha mkewe Sita anayetekwa na Ravana wa Lanka na kukombolewa kwa vita, kimesimuliwa katika lugha nyingi za Asia, na Wahindu wa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi hukikumbuka kila mwaka kwa taa za Diwali, sikukuu ambayo kwa wengi wao huadhimisha kurudi nyumbani kwa wawili hao. Kisichowashiwa taa ni kilichofuata: Sita, ambaye alikuwa amekwisha kupita katika mtihani wa moto ili kuthibitisha usafi wake, alifukuzwa akiwa mjamzito kwa sababu ya minong'ono ya raia, akajifungua mapacha msituni, na mwishowe akaiomba ardhi impokee. Katika karne ya 16 mshairi Chandrabati wa Bengali ya mashariki, ambayo leo ni sehemu ya Bangladesh, alitunga Ramayana inayomfuata Sita zaidi kuliko Rama, na wakosoaji wa baadaye waliiona kazi hiyo kuwa dhaifu na isiyokamilika, kwa kuwa vita vya mashujaa havikupewa humo nafasi waliyoizoea.

Kwa upande wa riwaya, kazi iliyoweka kielelezo ni Yajnaseni ya Pratibha Ray, iliyochapishwa mwaka 1984 katika Kiodia, lugha ya jimbo la Odisha. Humo Draupadi, akiwa ameanguka katika miteremko ya Himalaya na kuachwa nyuma na waume zake watano, yaani Yudhishthira na ndugu zake, katika safari yao ya mwisho, anamwandikia mungu Krishna barua ndefu inayopitia maisha yake yote. Miaka 24 baadaye Chitra Banerjee Divakaruni, mzaliwa wa Kolkata anayeishi na kufundisha Marekani, alitoa The Palace of Illusions, ambamo Draupadi, akiitwa kwa jina lake jingine la Panchaali, anasimulia mwenyewe kwa nafsi ya kwanza. Tofauti ya wanawake hawa wawili ni kubwa kuliko inavyoonekana kwa haraka. Draupadi wa Ray anataka kueleweka na Mungu, na uchungu wake una heshima ya ibada. Panchaali wa Divakaruni anataka jumba lake, anataka kisasi, na moyoni anampenda Karna, adui wa waume zake, hivyo msomaji halazimiki kumwona malaika ili amtetee. Katika jambo hili Divakaruni amefika mbali zaidi, kwa sababu haki ya mhusika haipaswi kutegemea utakatifu wake.

Sita amepata watetezi wengi zaidi, labda kwa sababu ndiye aliyewekwa mbele ya wasichana wa India kwa karne nyingi kuwa mfano wa mke mvumilivu. Mwandishi wa Kitelugu anayejulikana kwa jina la Volga aliandika mkusanyiko wa hadithi uitwao Vimukta, uliopata mwaka 2015 tuzo ya Sahitya Akademi, taasisi ya taifa ya fasihi, na ambao kwa Kiingereza huitwa The Liberation of Sita. Ubunifu wake ni mdogo kwa sura lakini mzito kwa maana: Sita anakutana na wanawake wengine wa utendi huohuo, akiwamo Surpanakha, dada yake Ravana, aliyekatwa pua baada ya kumtaka Rama, na ambaye sasa anatunza bustani na kujifunza upya uzuri ni nini. Wanawake waliopangwa na hadithi ya kale kuwa mahasimu wanaketi pamoja na kusemezana. Kavita Kané, aliyekuwa mwandishi wa habari kabla ya kugeukia riwaya, amejenga karibu kazi yake yote juu ya wanawake wa pembeni: Urmila, mke wa Lakshmana nduguye Rama, aliyeachwa kasrini miaka 14 mumewe alipomfuata Rama msituni, ndiye shujaa wa Sita's Sister ya mwaka 2014, na Surpanakha akapata kitabu chake miaka miwili baadaye. Kané ana jicho kali la kumwona aliyesahauliwa, ingawa mara kwa mara wahusika wake huzungumza kama watu wanaotoa hoja mkutanoni, na msomaji hutamani waachwe wanyamaze kidogo.

Hata hivyo, hakuna aliyeligeuza swali la Draupadi kwa nguvu kama Mahasweta Devi, mwandishi wa Kibengali aliyefariki mwaka 2016, katika hadithi fupi iliyoandikwa katika miaka ya 1970 na kutafsiriwa kwa Kiingereza na mwanazuoni Gayatri Chakravorty Spivak. Mhusika mkuu hakuzaliwa kasrini. Ni Dopdi Mejhen, mwanamke wa Wasantali, mojawapo ya jamii za asili za mashariki ya India, na jina lake ni Draupadi lililosagwa katika matamshi ya watu wa kwao. Wakati ni ule wa uasi wa Wanaksali, ulioanza mwaka 1967 katika kijiji cha Naxalbari, ambamo wakulima wasio na ardhi waliinuka dhidi ya wamiliki wakubwa. Na kisa kinachomfanya Dopdi asakwe na jeshi kinahusu kuuawa kwa mwenye mali aliyewanyima maskini maji ya kisima wakati wa ukame. Anakamatwa, na kwa usiku mmoja anabakwa na askari wengi kwa amri ya ofisa msomi anayejivunia kuwafahamu maadui zake.

Katika utendi, walipotaka kumvua Draupadi nguo barazani, sari yake, yaani kitambaa kirefu kisichoshonwa anachojifunga mwanamke, ilirefuka bila mwisho kwa muujiza wa Krishna. Kwa Dopdi hakuna mungu anayekuja. Asubuhi anapoletewa nguo anakataa kujistiri, anatembea hadi mbele ya ofisa akiwa na majeraha yake wazi, na ofisa huyo kwa mara ya kwanza anamwogopa mtu asiye na silaha. Mahasweta amechukua aibu iliyokuwa imewekwa juu ya mwili wa mwanamke akairudisha kwa waliotenda, na amefanya hivyo bila hotuba hata moja. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Delhi kiliiondoa hadithi hiyo katika mtaala wake wa fasihi ya Kiingereza, uamuzi uliopingwa na waalimu na waandishi wengi.

Daraja la wazi kati ya kisasili na taharuki lilijengwa na Samhita Arni katika The Missing Queen, riwaya ya mwaka 2013. Ayodhya, mji wa Rama, umegeuzwa kuwa dola ya kisasa iliyoshinda vita, yenye magazeti, televisheni na polisi wa siri, na mwandishi wa habari wa kike anathubutu kuuliza jambo ambalo mji mzima umekubaliana kutolitaja: malkia yuko wapi? Kuanzia hapo kisa kinakwenda kwa mwendo wa upelelezi, kwa mashahidi wanaoogopa na vitisho vinavyomfuata anayeuliza, na msomaji anatambua kwamba utendi wa kale siku zote ulikuwa na mtu aliyepotea ambaye hakuna aliyefungua faili lake.

Riwaya nyingine zimeuacha utendi kabisa zikabaki na sheria. The Widows of Malabar Hill ya Sujata Massey, mwandishi wa Marekani mwenye asili ya India, ilitoka mwaka 2018 na inaihusu Bombay ya mwaka 1921, ambako Perveen Mistry, wakili wa jamii ya Waparsi, anafanya kazi katika ofisi ya baba yake. Tajiri Mwislamu mwenye kiwanda amefariki na kuacha wajane watatu wanaoishi utawani, wasioonana na wanaume wasio maharimu zao, na imekuja barua inayodai kwamba wote wameridhia kuachia mahari yao kwa wakfu wa familia. Perveen anazitilia shaka sahihi zao, na kwa kuwa ni mwanamke yeye peke yake ndiye wakili anayeweza kuingia ndani na kuwauliza wenyewe. Muda si mrefu msimamizi wa mali anauawa humohumo nyumbani. Massey alimchota mhusika wake kwa sehemu kutoka kwa Cornelia Sorabji, mwanamke wa kwanza kusoma sheria Oxford, aliyefanya mtihani wake mwaka 1892 na kusubiri miongo mitatu kabla ya kupewa shahada. Fumbo la mauaji katika kitabu hiki limefumwa vizuri, lakini kinachokifanya kidumu ni lile tukio dogo la wakili kukaa chini na mjane mmojammoja, mbali na wenzake, na kumweleza haki yake.

The Bandit Queens ya Parini Shroff, ya mwaka 2023, inashuka hadi kijiji cha Gujarat na kikundi cha wanawake cha kukopeshana, cha aina inayofahamika sana Afrika Mashariki. Mume wa Geeta alitoweka miaka mitano iliyopita, kijiji kizima kinaamini kwamba yeye ndiye aliyemuua, na uvumi huo wa uongo unamletea wanawake wanaopigwa na waume zao, wakitaka awafunze. Jina la kitabu linamkumbuka Phoolan Devi, mwanamke wa tabaka la chini aliyekuwa jambazi, akafungwa, kisha akachaguliwa kuwa mbunge mwaka 1996. Mzito zaidi ni K. R. Meera, ambaye riwaya yake ya Kimalayalam, Aarachaar, iliyotafsiriwa kwa Kiingereza na J. Devika kwa jina la Hangwoman, inamfuata Chetna, binti wa ukoo wa wanyongaji wa Kolkata, anayepewa kazi ya kitanzi ambayo haijawahi kushikwa na mwanamke, huku kituo cha televisheni kikiigeuza kazi hiyo kuwa tamasha. Humo visasili vya ukoo, historia ya jiji na hofu ya siku ya kunyonga vimesukwa kamba moja, na ni vigumu kusema kitabu kiwekwe rafu gani.

Ni muhimu kuzingatia kwamba kazi kadhaa kati ya zilizo bora hazikuandikwa kwa Kiingereza. Ret Samadhi ya Geetanjali Shree, juu ya mjane wa miaka 80 anayeinuka kitandani na kuvuka mpaka kwenda Pakistan, iliandikwa kwa Kihindi, na tafsiri ya Daisy Rockwell ndiyo iliyoipa mwaka 2022 Tuzo ya Kimataifa ya Booker, ya kwanza kwa kitabu cha lugha ya India. Miaka mitatu baadaye tuzo hiyohiyo ilikwenda kwa Heart Lamp, hadithi 12 za Banu Mushtaq kuhusu wanawake Waislamu wa kusini mwa India, zilizotafsiriwa na Deepa Bhasthi kutoka Kikannada. Bila wafasiri hao, na bila wachapishaji kama Kali for Women, iliyoanzishwa mwaka 1984 na Urvashi Butalia na Ritu Menon mahsusi kwa maandishi ya wanawake, sehemu kubwa ya fasihi hii ingeishia katika jimbo ilikozaliwa.

Wafasiri na wachapishaji wa Kiswahili wanaombwa walitazame shamba hili kwa makini, wakianza na vitabu kama kile cha Massey, ambacho mfasiri wake atalazimika kuunda maneno machache mno, kwa kuwa eda, mahari, wakfu na utawa ni maneno ambayo wasomaji wa Lamu, Mombasa na Unguja wanayajua tangu utotoni.