Mstari Usiosomeka: Kuboresha Kiolesura cha Programu za Kuchora Mahusiano ya Hifadhidata

Mwalimu anayetaka kuunda kamusi ndogo ya darasa katika kompyuta huanza kwa kuyagawa maelezo yake katika majedwali: la vitomeo, la maana na la mifano ya matumizi. Kitomeo "kichwa", kwa mfano, kitahusishwa na maana kadhaa: kichwa cha mtu, cha habari, cha treni. Programu kama Microsoft Access na LibreOffice Base zina dirisha ambamo majedwali hayo huonekana kama visanduku vilivyounganishwa kwa mistari.

Makala haya mafupi yanahusu mstari huo. Kwa maoni yetu ndiyo sehemu inayostahili kuboreshwa kwanza, kabla ya rangi na mapambo mengine, kwa sababu haisomeki. Base huandika 1 upande mmoja na n upande wa pili, basi.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Peter Chen alipochapisha modeli yake mwaka 1976, aliweka umbo la almasi katikati ya mstari, na ndani yake jina la uhusiano. Mwaka 1983 alionyesha, kwa sentensi za Kiingereza, jinsi nomino inavyoelekea kuwa kitu kinachohifadhiwa, kitenzi elekezi kuwa uhusiano, na kivumishi kuwa sifa. (Walimu wa sarufi hawatashangaa.) Naye Richard Barker alitaka kila ncha ya mstari ipewe jina, ili uhusiano usomwe kama sentensi kutoka pande zote mbili.

Basi mtumiaji akibofya mstari, chini ya dirisha itokee sentensi: "Kila kitomeo kina maana moja au zaidi. Kila maana ni ya kitomeo kimoja." Hapa ndipo mtunzi wa programu anapokutana na ngeli. Kiolezo kimoja chenye pengo la kujazwa nomino hakitoshi, kwani kitazaa "kila mwandishi ina vitabu". Dawa yake si ngumu: jedwali linapoundwa, programu iulize umoja, wingi na ngeli ya jina lake, mara moja tu. Orodha ya ngeli ifuate upatanisho, si umbo la nomino; la sivyo "kiongozi" ataangukia KI-VI na kupewa "kina".

Jambo hili si la urembo wa lugha tu. Katika kisanduku cha kuhariri uhusiano kuna chaguo linaloruhusu rekodi tegemezi zifutwe pamoja na rekodi kuu. Mwanafunzi asiyeelewa maana yake anaweza kufuta kitomeo kimoja na kuondoka na kazi ya muhula mzima. Maneno "futa rekodi zinazohusiana" hayamwambii mengi. Aambiwe kabla hajabonyeza: "Ukifuta kitomeo hiki, maana zake 3 na mifano yake 11 vitafutwa pia." Idadi hizo kompyuta inazo tayari.

Kupima maboresho hayo hakuhitaji maabara. Mwite mwanafunzi ambaye hajawahi kuona hifadhidata, mwonyeshe mchoro, umwombe asome mistari kwa sauti. Pale anaposita, andika. Tena, kwa kuwa michoro hii mara nyingi huchapishwa kwa wino mweusi ili igawiwe darasani, aina za mahusiano zisitofautishwe kwa rangi pekee.